Ruwenzori, Mlima Uliojificha

Mtu akitoka Kisangani kwa njia ya Buta, hupita kwetu Bengamisa baada ya kilometa hamsini hivi. Akiendelea mbele hufika Banalia, penye mto Aruwimi, na hapo hungoja kivuko pamoja na magari, pikipiki, mbuzi na magunia ya mchele. Wengi wamengoja pale nusu siku nzima wakitazama maji. Ni wachache wanaokumbuka kwamba wale walioeneza duniani habari ya mlima mrefu kupita yote ya Kongo walipandia mto huohuo, na kwamba wengi wao walikufa njaa ukingoni mwake kabla hawajauona mlima wowote.

Mlima huo ni Ruwenzori. Umelala mpakani mwa Kongo na Uganda, juu ya bonde la Semliki, mashariki ya Beni. Urefu wake toka kaskazini hata kusini ni kama kilometa 120. Kilele chake cha juu, Margherita, kina meta 5,109. Katika Afrika yote ni Kilimanjaro na mlima Kenya tu inayoupita. Lakini hiyo miwili ni milima ya moto wa zamani, kila mmoja umesimama peke yake uwandani, na msafiri huuona tangu mbali. Ruwenzori si mlima wa moto. Ni kipande cha ardhi kilichosukumwa juu wakati bonde lilipokuwa linazama kando yake, mwamba mgumu sana wa kale, uliopasuka ukawa milima sita yenye theluji, na mabonde marefu katikati. Nao hufunikwa na mawingu karibu siku zote.

Hayo mawingu ndiyo habari yenyewe. Ptolemayo, mtaalamu wa Aleksandria aliyeishi katika karne ya pili baada ya Kristo, aliandika kwamba maji ya Nili hutoka katika Milima ya Mwezi yenye theluji, akifuata habari za wafanya biashara wa pwani yetu ya mashariki. Watu wa Ulaya waliichora milima hiyo katika ramani zao miaka elfu na zaidi, bila mtu kwenda kuitazama. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na wataalamu wa London wakamcheka. Mwaka uliofuata mwenzake Krapf aliiona theluji ya Kenya. Ruwenzori ilibaki imefichwa miaka arobaini mingine.

Si kwamba hawakupita karibu. Mwaka 1864 Mwingereza Baker alisimama ufukoni mwa ziwa Albert, akaona milima ya samawati ng'ambo, akaendelea na safari zake. Mwaka 1876 Stanley mwenyewe alifika na jeshi la Waganda mpaka karibu na ziwa liitwalo leo George, chini kabisa ya Ruwenzori. Alisikia hadithi za mlima wa baridi, lakini theluji hakuiona. Emin Pasha, mtawala wa jimbo la Ekwatoria, aliishi miaka mingi kando ya Nili na ziwa Albert. Alikuwa mtu wa elimu, mwenye kukusanya ndege na majani na kuandika kila kitu, na bado mlima huu ulimpita. Msomaji anaweza kushangaa. Mtu anawezaje kukosa kuona mlima wa meta elfu tano? Jibu ni hili: ukungu wa bondeni na moshi wa nyasi huungana na mawingu ya juu, na jicho huona anga tu, mahali pale ambapo mlima umesimama.

Basi twende sasa Aruwimi. Mwaka 1887 Stanley alitumwa kumwokoa huyo Emin, aliyezuiliwa kaskazini na vita vya Mahdi wa Sudani. Badala ya kupita njia fupi ya pwani ya mashariki, alizunguka Afrika kwa meli, akaingia kwa mlango wa mto Kongo, akapanda mpaka Yambuya juu ya Aruwimi. Pamoja naye walikuwa watu zaidi ya mia sita walioandikwa kazi Unguja, na safarini alikuwamo pia Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, ambaye mwaka huohuo Mfalme Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani yetu. Tarehe 28 Juni 1887 Stanley aliondoka Yambuya na watu karibu mia nne, akaingia msituni. Siku 160 zilipita kabla hawajaona tena nyasi. Sisi wenyeji wa msitu tunaelewa maana ya siku 160 kwa watu waliozoea pwani, wasiojua mzizi upi unalika na uyoga upi unaua, wakipigwa mishale na wenye vijiji waliowadhani, si bila sababu, kuwa wateka watumwa.

Wale waliobaki nyuma, wakimngoja Tippu Tip alete wapagazi, hawakupata nafuu. Walikaa Yambuya karibu mwaka mzima chini ya Meja Barttelot. Chakula chao kilikuwa muhogo mchungu, nao waliula bila kuulowesha vizuri, wengine mbichi. Mama yeyote wa Bengamisa angewaambia kwamba muhogo ule hukaa majini siku tatu kwanza. Hakuna aliyewaambia, au hawakuuliza. Maana vijiji vya jirani vilikuwa vimekimbia bunduki zao. Wakafa mmoja mmoja. Walipohamia Banalia mwaka 1888, Meja alitoka alfajiri ya tarehe 19 Julai akiwa na hasira kwa sababu ya ngoma na nyimbo za mwanamke wa Kimanyema. Mume wa mwanamke huyo akampiga risasi, akafa palepale. Stanley aliporudi mwezi Agosti kuwatafuta watu wake, aliwakuta Banalia mifupa mitupu, wachache mno kuliko aliowaacha.

Nimekaa kidogo juu ya habari hii kwa kuwa ni ya kwetu, na vitabu vya Ruwenzori huipita upesi kama utangulizi. Watu wale wa Unguja waliitwa Waungwana, na Kiswahili kilichoingia nchi hii pamoja na misafara ya namna hiyo kiliitwa Kingwana. Lugha unayoisoma hapa ilitembea njia ileile ya mauti.

Mlima ulionekana katikati ya mambo hayo. Tarehe 20 Aprili 1888, wakielekea ziwa Albert, daktari Parke na Bwana Jephson waliona kwa mbali kitu cheupe juu ya anga, wakasema ni theluji. Stanley hakuwa pamoja nao. Tarehe 24 Mei alikuwa akitembea karibu na ziwa, na kijana mmoja akamwonyesha mlima mbali kusini, akisema umefunikwa na chumvi. Stanley alitazama, kwanza akadhani ni wingu la rangi ya fedha, kisha akaona kwamba wingu lile lina mizizi katika nchi.

Waandishi wengine husimulia neno la chumvi ili wasomaji wacheke kidogo. Mimi naona kijana alisema vizuri. Kusini ya mlima ule kuna ziwa Katwe, ambako watu tangu zamani huchota chumvi na kuipeleka pande zote kuibadilisha kwa chakula. Kitu cheupe, kigumu, chenye kung'aa, ambacho kijana wa nchi ile alikuwa amekishika mkononi, kilikuwa chumvi. Angesema nini kingine? Jambo kubwa ni kwamba yeye aliuona na kuujua mlima, na mgeni mwenye darubini alihitaji kidole chake.

Na juu mlimani kwenyewe kulikuwa na watu wasiohitaji kuonyeshwa. Hao ni Wakonzo, ambao upande wetu wa Kongo huitwa Wanande, na wenyewe hujiita Wayira. Walilima maharagwe na viazi katika miteremko ya chini, wakapanda juu kuwinda pimbi katika miamba, wakilala chini ya mawe makubwa yaliyo kama mapango. Theluji waliiita nzururu, na mahali pake Rwenzururu. Wazee wao walisema kwamba katika theluji anakaa Kitasamba, mzimu mkubwa, ambaye mtu hamchezei. Kwa hiyo mwindaji alipanda mpaka alipofika pimbi, na hapo akarudi. Juu zaidi hapakuwa na nyama wala kuni, ila baridi na mwenye mlima. Stanley alilichukua jina kama alivyolisikia, akaliandika Ruwenzori, akasema maana yake ni mfalme wa mawingu. Jina hilo lilivutia wasomaji wa Ulaya kuliko neno theluji.

Mwezi Juni 1889, msafara wote ukirudi pwani pamoja na Emin, walipita chini ya mlima upande wa Semliki. Luteni Stairs, mtu wa Kanada, alijaribu kupanda. Alichukua Waungwana kadhaa, waliovaa nguo nyepesi za pamba, wamechoka kwa miaka miwili ya msitu. Walilala usiku mmoja wakitetemeka, wakafika meta elfu tatu na kidogo, wakaona mabonde mengine matatu mbele yao kabla ya theluji, wakarudi. Huyu ni Stairs yuleyule aliyekwenda Katanga mwaka 1891, katika safari ambayo Mfalme Msiri aliuawa.

Baada yake walikuja wengi. Mjerumani Stuhlmann alipanda mwaka 1891 kutoka upande wa Kongo kwa bonde la mto Butahu, akapita meta elfu nne, naye ndiye wa kwanza kueleza vizuri jinsi mimea inavyobadilika kadiri mtu anavyopanda. Mwaka 1900 Bwana Harry Johnston, mtawala wa Uganda, alifika penye barafu kwa upande wa Mobuku. Mwaka 1904 Mswisi mmoja, daktari David, alipanda tena kutoka Kongo mpaka karibu meta elfu tano. Kila mmoja alirudi na picha ya ukungu na ubishi mpya: kilele kirefu ni kipi? Hakuna aliyeviona vilele vyote siku moja, kwa hiyo kila mmoja alivihesabu na kuviita tofauti.

Aliyemaliza ubishi ni Mwitalia, Luigi Amedeo wa Savoia, Duka wa Abruzzi, mtoto wa ukoo wa wafalme, aliyekuwa amekwisha kupanda milima ya Alaska na kutafuta ncha ya kaskazini ya dunia. Mwaka 1906 alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka ziwa Viktoria, akavuka kwa meli mpaka Entebbe, kisha akatembea kwa miguu mpaka Fort Portal akifuatwa na wapagazi wengi sana. Alileta wataalamu, mpiga picha hodari Vittorio Sella, na viongozi wa milima kutoka Courmayeur katika Alpi. Juu kabisa ya bonde la Mobuku kuna mwamba mkubwa ulioinama kama paa, uitwao Bujongolo, penye karibu meta 3,800. Hapo aliweka kambi kuu. Wapagazi wa tambarare walirudishwa, maana baridi na tope viliwashinda. Wakonzo ndio waliobaki kupanda na kushuka na mizigo.

Tarehe 18 Juni 1906 Duka alifika kilele na viongozi Joseph Petigax na César Ollier, pamoja na mpagazi wao Brocherel. Ukungu ulikuwa mzito. Ukuta wa mwisho ulikuwa na ukingo wa barafu uliotokeza mbele kama dari, umening'iniza vijiti vya barafu virefu. Hapakuwa na njia ya kuuzunguka. Basi Ollier alisimama imara, Petigax akamkanyaga mabegani na kichwani kwa viatu vyake vya misumari, akashika juu, akawavuta wengine kwa kamba. Ndivyo mlima wa tatu wa Afrika ulivyopandwa mara ya kwanza, kwa kujua kwetu: juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Duka alikaa mlimani wiki kadhaa. Alipanda vilele zaidi ya kumi, akapima, akachora ramani ambayo ilitumika miaka mingi. Akatoa majina. Kilele cha juu akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia, cha pili Alexandra kwa malkia wa Uingereza. Milima sita ikawa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: wapelelezi, malkia na duka. Baker aliyeuona kwa mbali kama kivuli alipewa mlima mzima. Wakonzo walioukaa na kubeba kila sanduku la Duka hawakupewa hata kilima.

Baadaye Kongo ilijaribu kusahihisha. Katika miaka ya Mobutu, majina ya kikoloni yalipofutwa, mlima Stanley uliitwa Ngaliema. Ngaliema alikuwa chifu wa pande za Kinshasa, aliyekutana na Stanley kwenye mto. Mtu mashuhuri kweli, lakini nyumbani kwake ni zaidi ya kilometa elfu moja kutoka theluji ile! Wakati huohuo ziwa Edward liliitwa Idi Amin Dada na ziwa Albert Mobutu Sese Seko. Wakubwa hao waliondoka na maziwa yakarudia majina ya Waingereza. Katika kupeana majina juu ya Ruwenzori, Mwafrika wa mji mkuu na Mzungu wa Ulaya walifanana kwa jambo hili, hawakuuliza wenye mlima.

Wala hawakuulizwa juu ya mpaka. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana kupitisha mstari juu ya kilele cha Margherita, na Wayira wakajikuta huku Wanande wa Kongo na huku Wakonzo wa Uganda. Kwa Margherita yenyewe jambo hilo lilitoa heshima ya pekee: ni mahali pa juu kuliko pote katika nchi mbili kwa pamoja.

Kilele kilikaa miaka ishirini bila mgeni mwingine, mpaka Mwingereza Humphreys alipokifikia mwaka 1926. Mwaka 1932 walipanda Shipton na Tilman, vijana wawili waliokuwa walowezi Kenya, ambao baadaye walijulikana sana katika milima ya Himalaya. Mwaka huohuo Wabelgiji walituma kundi kubwa la wataalamu chini ya Kaunti Xavier de Grunne, wakapanda kutoka upande wetu, wakikusanya mawe na mimea. Mfalme wao Albert I alikuwa mpenda milima kupita kiasi. Mwaka 1934 alikufa kwa kuanguka mwambani huko Ubelgiji. Hifadhi iliyobeba jina lake, iliyoanzishwa mwaka 1925, iliongezwa ikashika na upande wa Kongo wa Ruwenzori. Tangu mwaka 1969 inaitwa Virunga. Upande wa Uganda ulifanywa hifadhi mwaka 1991.

Sasa, watu hufuata nini huko? Swali hili si la bure. Kilimanjaro ni mrefu zaidi, na mtu mwenye miguu mizuri huweza kuupanda kwa njia kavu asione shida nyingine ila pumzi. Ruwenzori mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Hata miezi inayoitwa ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, na Desemba mpaka Februari, nguo hazikauki. Kwanza ni msitu kama wetu, wenye mizizi na matope. Kisha mianzi, ambamo mtu hutembea ameinama. Kisha miti ya erika, ambayo mahali pengine ni vichaka vya magoti, lakini hapa hurefuka kama mwembe, imevikwa kuvu za kijani na kijivu zinazoning'inia kama ndevu za wazee. Chini hakuna ardhi hasa, ila shina juu ya shina, zilizofunikwa na majani mororo. Ukikanyaga vibaya mguu huzama mpaka paja. Baadaye huja vinamasi, na mtu huruka kutoka fungu moja la majani mpaka jingine, kama mtoto avukaye kijito juu ya mawe, ila mawe haya hutikisika. Pembeni husimama lobelia kama mishumaa mikubwa, na senesio kama kabichi zilizopandwa juu ya mashina marefu kuliko mtu. Usiku pimbi hulia kwa sauti ya kutisha. Hata hapo theluji haijaonekana bado.

Wapandaji wenyewe waliandika kwamba ugumu wa Ruwenzori si barafu yake, ni njia ya kuifikia. Nadhani ndiyo sababu waliopanda huurudia kwa mapenzi. Mlima unaoonekana kila siku mtu huuzoea. Huu humpa msafiri siku sita za tope, kisha asubuhi moja, kwa dakika kumi, mawingu hufunguka naye huona vilele vyeupe juu ya Ikweta. Halafu hufungwa tena. Wengine wamepanda na kushuka bila hata dakika hizo kumi, nao walilipa sawasawa na wenzao. Achille Ratti, padre wa Milano, aliyepanda mlima Rosa mwaka 1889 na kulala usiku wima juu ya ukingo mwembamba wa mwamba, hakuona haya ya mapenzi hayo. Alipokuwa Papa Pio XI, mwaka 1923 alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Lakini mpandaji hubeba mkoba mdogo. Anayebeba chakula, mahema, kamba na kuni ni mwingine. Katika picha za zamani utawaona Wakonzo wamepanga mstari, blanketi mabegani, wengi miguu mitupu, masanduku yamefungwa kwa kamba ya paji la uso. Walilala chini ya miamba ya babu zao wakati wageni wamelala hemani. Baadaye hali ilibadilika kidogo. Upande wa Uganda watu wa Ibanda waliunda chama chao cha viongozi na wapagazi, na kibanda kimoja cha njiani, kile cha John Matte, kina jina la Mkonzo mwenzao aliyeongoza wapandaji miaka mingi. Ni nyumba ya mbao tu, si kilele. Hata hivyo, kwa kadiri nijuavyo, hapo ndipo jina la mpagazi wa mlima lilipoandikwa katika ramani.

Wakati majina yanabishaniwa, chenyewe kilichopewa jina kinatoweka. Duka alipopima mwaka 1906, barafu ya kudumu ya Ruwenzori, ile inayosogea polepole kama mto mzito, ilifunika zaidi ya kilometa 6 za mraba. Mwaka 2003 haikufika hata kilometa moja kamili. Mlima Emin, mlima Gessi na mlima Luigi di Savoia haina tena barafu. Speke na Baker imepoteza karibu barafu yake yote. Iliyobaki ya kweli iko mlima Stanley, nayo inapasuka na kupungua kila mwaka, hata njia ya kwenda Margherita hubadilishwa mara kwa mara. Ule ukingo wa barafu ambao Petigax aliupanda juu ya mabega ya mwenzake, mpandaji wa leo hausumbuki nao. Joto la dunia limeongezeka, na wataalamu wanaona pia kwamba hewa imekuwa kavu zaidi na mawingu ya kulinda barafu yamepungua. Mlima uliojificha umeanza kuonekana, na kuonekana huko si dalili njema.

Kwa mito, barafu si chanzo kikubwa; mvua ndiyo hujaza Semliki, na Semliki huingia ziwa Albert na kwenda Nili. Tone moja la Ruwenzori halifiki kwetu. Aruwimi wetu una vyanzo vyake vingine. Kwa wenye mlima ni jambo jingine. Wazee wa Wakonzo husema Kitasamba anakaa katika nzururu. Nzururu ikiisha, atakaa wapi? Mkristo anaweza kulipita swali hilo kwa haraka. Mimi sioni kwamba linachekesha, maana ni swali la watu ambao kwa karne nyingi walijua mambo mawili juu ya nyumba yao: kwamba ipo, na kwamba juu kuna weupe.

Upande wa Kongo njia huanzia Mutwanga, katika wilaya ya Beni, penye ofisi za hifadhi. Mtu wa Bengamisa angefika huko kwa barabara kuu: Kisangani, Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda, kisha kusini kupitia Eringeti na Oicha mpaka Beni, na hapo akishika njia ya Kasindi. Nimeyataja majina hayo na msomaji wa habari amekwisha kuelewa. Tangu mwaka 2014 watu wengi wameuawa kwa mapanga na bunduki katika vijiji vya Beni, na Eringeti na Oicha zimezika wengi. Mutwanga nayo imeonja. Walinzi wa Virunga zaidi ya 200 wamekufa kazini katika miongo ya vita. Kwa hiyo karibu wote wanaopanda Ruwenzori leo hupandia Uganda, na pesa za kupanda hubaki huko pamoja na kazi ya wapagazi. Wazee wa Mutwanga waliokuwa viongozi wa mlimani wanalima, na vijana wao wengi hawajapita msitu wa chini.

Njia yenyewe haijapotea. Kutoka Mutwanga hupanda mashambani, kahawa na migomba, ikaingia msituni mpaka kibanda cha Kalonge, juu ya meta elfu mbili. Siku ya pili ni mianzi na erika mpaka Mahangu. Siku ya tatu ni ngumu, mizizi na utelezi, kisha miti huisha, na mtu hufika Kiondo penye meta 4,200, juu ya ziwa dogo jeusi lililozungukwa na kuta za mwamba. Kutoka hapo, alfajiri, kabla mawingu hayajapanda kutoka Semliki, upande wa magharibi wa Margherita huonekana wote mara moja, mwamba mweusi kwa sehemu kubwa sasa, na ile barafu iliyosalia imeshikilia juu.